Kuruti, kubadilisha romu au kubaki ulivyo: njia nne za simu ya Android

Swali la kwanza la anayeanza huwa "nitairuti vipi simu hii?" Mwulize anataka kuifanyia nini, utasikia mambo manne: programu zilizokuja na simu hazifutiki, matangazo yamezidi, mtengenezaji ameacha kutoa Android mpya, au anataka kuhamisha programu pamoja na data zake za ndani. Matatu ya kwanza hayahitaji ruti. La nne ndilo linaloihitaji. Ruti na romu ni vitu viwili tofauti, na wengi hupoteza data kwa kuchukua kimoja walipohitaji kingine, au wakati ambapo hawakuhitaji chochote.

Maneno matano kwanza. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kabla ya Android na kukagua kama mfumo unaotaka kuwaka umetiwa sahihi na mtengenezaji. Ikiwa imefungwa, hukataa mfumo mwingine wowote. Ruti ni mamlaka ya mtumiaji mkuu katika Linux iliyo chini ya Android; programu uliyoipa ruti inaweza kusoma na kuandika karibu popote. Romu ni mfumo mzima, uwe wa kiwandani au uliojengwa na watu wengine, kama LineageOS. Kuflashi ni kuandika faili ya mfumo simuni. ADB ni zana ya Google ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Kufungua butiloda peke yake hakukupi ruti. LineageOS nayo huja bila ruti. Lakini njia zote mbili hupita kwenye mlango uleule wa butiloda, na kuufungua mlango huo hufuta kila kitu kilichomo simuni.

| | Mfumo wa kiwandani + ADB | Mfumo wa kiwandani + ruti | Romu mpya bila ruti | Romu mpya + ruti |
|---|---|---|---|---|
| Butiloda | Inabaki imefungwa | Lazima ifunguliwe | Lazima ifunguliwe | Lazima ifunguliwe |
| Data | Zinabaki | Zinafutwa | Zinafutwa | Zinafutwa |
| Programu za benki | Kama kawaida | Nyingi hugoma | Baadhi hugoma | Nyingi hugoma |
| Masasisho | Kama kawaida | Kwa mkono, kwa uangalifu | Kutoka kwa wajenzi wa romu | Kwa mkono, kila mara |
| Kamera na simu za 4G | Kama kawaida | Kama kawaida | Hutegemea romu | Hutegemea romu |
| Kurudi ulikotoka | Dakika chache | Kuflashi faili moja, au mfumo mzima | Kuflashi mfumo mzima | Kuflashi mfumo mzima |

Kwanza jua kama simu yako inakubali

Hapa ndipo uamuzi wa wengi unapoishia. Pixel zilizouzwa bila mkataba wa kampuni ya simu hufunguliwa kwa amri moja. Xiaomi, Redmi na POCO huhitaji akaunti ya Mi, programu ya kampuni yenyewe na kusubiri. Muda uliozoeleka ni saa 168, yaani siku 7, na tangu HyperOS, mfumo mpya wa Xiaomi, masharti yameongezeka. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Samsung za Marekani na Kanada hazifunguki kwa njia rasmi. Samsung za nchi nyingine, kama bado zina swichi ya kufungua OEM (ndiyo inayoruhusu butiloda ifunguliwe), hufunguka, ila kuna bei yake: mara tu unapoflashi faili isiyo ya Samsung, fyuzi ya kielektroniki ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, hukatika na kusomeka 0x1. Hairudi. Samsung Pay na Folda Salama hazitafanya kazi tena kwenye simu hiyo, hata ukirejesha mfumo wa kiwandani na kufunga butiloda.

Kujua hali ya simu yako ni rahisi. Fungua Mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7. Chaguo za wasanidi programu zitatokea. Ndani yake tafuta swichi ya kufungua OEM. Isipoonekana, au ikiwa imefifia haiguswi hata baada ya kuunganisha intaneti na kusubiri siku kadhaa, simu hiyo huenda haifunguki, na njia inayobaki ni ile ya ADB.

Jambo la pili ni jina la ndani la simu. Jina la dukani halitoshi. Chukua Redmi Note 10: yenyewe huitwa mojito na ina Snapdragon 678, Note 10 Pro ni sweet, ina Snapdragon 732G, Note 10S ni rosemary, ina Helio G95 ya MediaTek, Note 10 5G ni camellia, ina Dimensity 700. Boksi zinafanana, lakini ndani ni simu nne tofauti. Anayeflashi faili ya mojito kwenye rosemary anaiandikia simu mfumo wa chipu ambayo haina. Andika amri hii simu ikiwa imeunganishwa, kisha fuata jibu lake:

`adb shell getprop ro.product.device`

Mfumo wa kiwandani na ADB

Njia hii haisifiwi inavyostahili. Ndani ya Chaguo za wasanidi programu washa Utatuzi wa USB, unganisha kompyuta yenye platform-tools za Google, andika `adb devices`, na ukubali ombi linalotokea kwenye skrini ya simu. Ukiona neno `unauthorized`, maana yake hujalikubali. Kisha:

`adb shell pm list packages`
`adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.programu`

Programu inaondoka kwako lakini faili yake asili inabaki kwenye sehemu ya mfumo. Kwa hiyo hupati nafasi ya ziada kwenye sehemu hiyo, na ukirejesha simu katika hali ya kiwandani, programu zote zitarudi. Uzuri wake ni kwamba kosa lina dawa:

`adb shell cmd package install-existing jina.la.programu`

Dawa hiyo hufanya kazi mradi simu bado inawaka. Kwenye matoleo mengi ya MIUI, mfumo wa Xiaomi wa kabla ya HyperOS, kuondoa `com.xiaomi.finddevice` huifanya simu ijizime na kujiwasha bila kikomo, na hapo kinachobaki ni kufuta data zote. Ondoa programu moja moja, ukizima na kuwasha simu kila baada ya chache, na uandike kwenye karatasi ulichoondoa. Orodha za "programu 80 za kufuta" zinazozunguka mitandaoni huandikwa kwa simu ya mtu mwingine.

Matangazo nayo: tangu Android 9 kuna DNS ya Faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Weka humo anwani ya huduma ya DNS inayochuja matangazo na mengi yatakoma, isipokuwa yale yanayotoka kwenye seva ileile ya maudhui, kama ya YouTube. Programu iitwayo Shizuku huzipa programu nyingine mamlaka ya kiwango cha ADB, na kuanzia Android 11 unaweza kuiwasha bila kompyuta kupitia utatuzi usiotumia waya. Kasoro yake ni kwamba, kwa kawaida, ukizima simu na kuiwasha, huna budi kuianzisha upya.

Ruti juu ya mfumo wa kiwandani

Leo ruti kwa watu wengi ni Magisk. Ilianza mwaka 2016, na tofauti yake na mbinu za zamani ni kwamba haigusi sehemu ya mfumo. Hubadilisha faili moja ya kuwashia simu, na mabadiliko mengine yote huwekwa juu juu wakati simu inawaka. Wapo pia KernelSU na APatch, wanaofanya kazi ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux kilicho chini ya Android. Kwa anayeanza, Magisk ina maelezo mengi zaidi na njia rahisi zaidi ya kurudi nyuma. Zile programu za kuruti kwa kugusa kitufe kimoja zilitegemea matundu ya usalama ya Android 4 na 5. Kwenye simu ya leo hazifanyi kazi, na kuiachia programu usiyoijua itafute tundu simuni mwako ni hatari tupu.

Kazi yenyewe ni fupi. Baada ya kufungua butiloda, pakua mfumo wa kiwandani wenye nambari ya muundo ileile iliyo kwenye simu yako, herufi kwa herufi. Toa humo `boot.img`. Kama simu ilitoka kiwandani na Android 13 au zaidi, mara nyingi faili inayotakiwa ni `init_boot.img`, Pixel 7 ni mfano. Inakili simuni, fungua Magisk, chagua kusakinisha, kisha chagua faili hiyo uibandikie Magisk. Faili mpya itatokea kwenye folda ya vipakuliwa, jina lake likianza na `magisk_patched`. Irudishe kwenye kompyuta, washa simu katika fastboot, hali ya butiloda inayopokea amri za kompyuta (kwenye Pixel na Xiaomi ni kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti), uandike:

`fastboot flash boot magisk_patched.img`

Kwa simu inayotumia init_boot, neno `boot` linakuwa `init_boot`. Kama faili yako ni ya boot, simu nyingi hukubali kwanza `fastboot boot magisk_patched.img`, amri inayoiwasha faili kwa majaribio bila kuiandika. Ikikwama, zima na uwashe, hakuna kilichobadilika. Ni sekunde chache tu, usiziruke.

Samsung haitumii fastboot. Hapo unaibandikia Magisk faili nzima ya AP, moja ya faili za mfumo wa kiwandani wa Samsung, kisha unaiflashi kwa Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, pamoja na faili zenzake za BL, CP na CSC. Mara ya kwanza tumia CSC yenyewe, si HOME_CSC. Hii ya pili huacha data za zamani zisizolingana na hali mpya.

Kosa linalowaangusha wengi hapa ni faili isiyolingana. Simu ilijisasisha jana usiku, wewe unaflashi boot ya mwezi uliopita: keneli ya zamani inakutana na moduli mpya za mfumo, na matokeo ni Wi-Fi isiyowaka, mguso usiojibu, au simu kukwama kwenye nembo. Ndiyo sababu `boot.img` asili, ambayo haijabandikwa kitu, haipaswi kufutwa kwenye kompyuta yako. Ukikwama, iflashi hiyo, na simu itawaka bila ruti.

Kosa la pili ni moduli za Magisk, yaani nyongeza zinazobadilisha mfumo. Anayeanza hupata ruti, kisha jioni hiyohiyo anaweka moduli sita za sauti, kamera na betri. Simu ikikwama, hajui ni ipi. Kuwasha simu katika hali salama huzima moduli zote za Magisk. Utatuzi wa USB ukiwa umewashwa, kuna pia amri hii, inayosubiri simu iamke kidogo kisha inaziondoa:

`adb wait-for-device shell magisk --remove-modules`

Masasisho ndiyo gharama ya kila mwezi. Sasisho la kiwandani likikuta boot iliyobadilishwa, hukataa. Kwenye simu zenye nafasi mbili za mfumo, A na B, utaratibu ni huu: ndani ya Magisk chagua kurejesha faili asili, usizime simu, pakua na usakinishe sasisho, bado usizime, rudi Magisk uchague kusakinisha kwenye nafasi isiyotumika baada ya sasisho, ndipo uzime na kuwasha. Ukikosea mpangilio, simu nyingi huwaka tu bila ruti, na unarudia kubandika kwa faili ya toleo jipya.

Romu mpya bila ruti

Kwa simu iliyoachwa na mtengenezaji wake, hii ndiyo njia inayoirudishia maisha, na ndiyo tunayoipendekeza kuliko ruti kwa mtu anayetaka Android mpya tu. LineageOS, iliyozaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, ndiyo yenye orodha pana ya simu. /e/OS hutumia microG, mbadala wa programu huria, badala ya huduma za Google. GrapheneOS, inayojengwa kwa ajili ya Pixel, iko katika daraja lake: baada ya kuisakinisha unafunga butiloda tena, na simu huendelea kukagua sahihi za mfumo kwa ufunguo wa GrapheneOS. Mwenye Pixel anayejali usalama asiangalie kwingine.

Kwenye LineageOS mpangilio wa kusakinisha haubadiliki sana, ingawa lazima usome ukurasa wa simu yako kwa sababu rikava, yaani mfumo mdogo wa kufuta data na kusakinisha romu, huandikwa mahali tofauti: kuna simu za `recovery`, za `boot` na za `vendor_boot`. Ukishaingia kwenye rikava yao, futa data kwa kuifomati, chagua kupokea sasisho kupitia ADB, kisha kwenye kompyuta andika `adb sideload` na jina la faili. Wengi huogopa hapa, kwa sababu mara nyingine hesabu husimama kwenye asilimia 47 na kompyuta huandika `adb: failed to read command: Success`. Usichomoe waya. Ni kawaida, tazama skrini ya simu, ndiyo inayosema kama kazi imekwisha.

Ukitaka Play Store, faili ya programu za Google huwekwa kabla ya simu kuwaka mara ya kwanza. Kwenye simu za A/B, toka rikava na uingie rikava tena kwanza, ili uwe kwenye nafasi mpya iliyoandikwa. Ukiruka hatua hii, programu za Google zinakwenda kwenye nafasi ya zamani na hutaziona. Rikava itasema sahihi haikuthibitishwa. Kubali, kwa kuwa faili hiyo haikutiwa sahihi na LineageOS. Ukishawasha mfumo bila Google kisha ukabadili mawazo, utalazimika kufomati data upya.

Mambo mawili ya kweli ambayo wasifiaji wa romu huyapita haraka. La kwanza, Android mpya si sawa na simu yenye usalama mpya kote. Draiva za chipu na modemu hutoka kwa mtengenezaji, na kama ameacha kuzitoa, zinabaki za zamani. LineageOS haifichi hili: kwenye Kuhusu simu huonyesha tarehe ya viraka vya Android na, mbali nayo, tarehe ya viraka vya mtengenezaji. Tofauti ya miaka 3 kati ya tarehe hizo inakuambia kitu. La pili, kamera. Uchakataji wa picha wa kiwandani ni mali ya kampuni na hauhamishwi. Picha za usiku ndizo hushuka zaidi. Kabla ya kuflashi, soma orodha ya kasoro za simu yako, ukitafuta VoLTE (kupiga simu kupitia 4G), alama ya kidole na rekodi ya video. VoLTE isipofanya kazi mahali ambapo mtandao wa 2G na 3G umezimwa, simu yako haipigi.

Tofautisha pia romu rasmi na isiyo rasmi. Rasmi ina msimamizi anayejulikana na masasisho ya mara kwa mara. Isiyo rasmi inaweza kuwa nzuri sana leo, na mwezi ujao mjenzi wake akauza simu hiyo.

Romu mpya pamoja na ruti

Fupi: ni kasoro za njia zote mbili kwa pamoja, na ina maana kwa anayejua hasa anachokihitaji. `boot.img` hupatikana kwenye ukurasa uleule wa romu au ndani ya faili yake, na hubandikwa kama ilivyoelezwa. Tumia romu wiki moja bila ruti kwanza. Kasoro ikitokea, utajua ni ya romu.

Benki na video

Google Play ina mfumo wa kuthibitisha uadilifu wa simu, Play Integrity, wenye ngazi tatu: ya msingi, ya kifaa na ya juu. Butiloda iliyofunguliwa huonekana kwenye vifaa vya usalama vya chipu yenyewe, kwa hiyo programu inayodai ngazi ya juu itakataa hata kama huna ruti. Orodha ya kukatalia iliyo ndani ya Magisk huificha ruti kwa programu unazochagua, lakini haifanyi butiloda ionekane imefungwa. Kuna moduli zinazohadaa ukaguzi huu. Hufanya kazi kwa muda, kisha Google hubadilisha kanuni. Kama pesa zako zote zinapita kwenye simu moja, usiiweke kwenye mchezo huo. Kwenye baadhi ya simu, ulinzi wa video wa Widevine nao hushuka kutoka L1 hadi L3, na filamu zikaonyeshwa kwa 480p.

Basi uchague ipi?

Simu bado inapata masasisho na unakerwa na programu za ziada tu: ADB. Simu imeachwa, na benki yako inatumika vizuri kwenye kivinjari: romu rasmi bila ruti. Unahitaji nakala kamili za programu pamoja na data zake, au kuzuia chaji isipite asilimia 80 kwenye simu isiyo na mpangilio huo: ruti juu ya mfumo wa kiwandani. Una simu moja tu, na kazi yako inaitegemea: ADB, hadi upate ya pili ya kujifunzia.

Kabla ya kufungua butiloda, toa picha na jumbe, na usisahau programu ya namba za uthibitishaji wa hatua mbili. Hiyo ndiyo inayoliza watu: picha zipo kwenye wingu, lakini namba za kuingilia kwenye wingu zilikuwa kwenye simu iliyofutwa. Ondoa pia akaunti ya Google kwenye simu, chaji ipite asilimia 60, na utumie waya wa data usiolegea. Kompyuta ikibaki kwenye `< waiting for any device >`, simu ikiwa fastboot, badilisha mlango wa USB kwanza. Kwenye Windows, kinachokosekana mara nyingi ni draiva ya fastboot, ambayo ni tofauti na ya ADB.

Kurudi kiwandani

Kuna hatari mbili hapa, na zote huua simu iliyokuwa nzima. Ya kwanza ni kushuka toleo. Watengenezaji huweka kizuizi cha kutorudi nyuma: Pixel 6, 6 Pro na 6a, zikishapanda Android 13, hazirudi kwenye butiloda ya Android 12. Kwenye Xiaomi soma namba yako kwa `fastboot getvar anti`. Mfumo wenye namba ndogo kuliko hiyo usiuguse, maana simu huweza kuzimika kabisa na kubaki kwenye hali ya dharura ya Qualcomm, inayohitaji idhini ya kampuni kuitibu.

Ya pili ni kufunga butiloda mapema. Amri ya `fastboot flashing lock` ikikuta Magisk, au romu isiyo na ufunguo wake kwenye simu, butiloda inaanza tena kukagua sahihi, inakataa kilichomo, na sasa haikuruhusu kuflashi kingine. Xiaomi ya soko la China iliyowekewa mfumo wa kimataifa hukwama vivyo hivyo. Flashi mfumo kamili wa kiwandani wa eneo la simu hiyo, iache iwake hadi skrini ya kuchagua lugha, iendelee hadi ndani ya mipangilio, uhakikishe swichi ya kufungua OEM bado imewashwa. Hapo ndipo unarudi fastboot kufunga. Na swichi hiyo iache ikiwa imewashwa mpaka simu iwake tena salama, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kufungua upya kama kuna kitu umekisahau.